MOTO WA JUA MIKONONI MWA WATU: ELIMU YA FUZIONI IMEFIKA WAPI?



Tangu mwezi wa Desemba 2022 ulizo moja linarudi mara kwa mara katika mazungumuzo ya vijana, hata mbele ya walimu wa dini: «Je, ni kweli kwamba wenye elimu wa Marekani wamekwisha kuwasha jua ndani ya nyumba?» Wengine walisikia habari hiyo kwa radio, wengine kwa telefoni, na kila mumoja anaongeza chumvi yake. Huyu anasema kwamba taabu ya umeme itakwisha katika miaka mitano. Yule anasema kwamba ni udanganyifu mutupu, maana hakuna mutu awezaye kuiga kazi ya jua. Wote wawili wanakosa. Padri, au mukatekista, au museminari anayeulizwa neno hili hana lazima ya kuwa profesa wa fizika. Lakini yafaa aweze kujibu bila kupoteza watu upande huu wala upande ule. Basi tueleze polepole mambo gani yalifanyika, mambo gani hayajafanyika bado, na kwa sababu gani yale yaliyobaki ni magumu kuliko yale yaliyokwisha.

Jua linakula nini?

Katika karne ya 19 wenye elimu walipiga hesabu hii: kama jua lingekuwa lundo la makala yenye kuwaka, lingekwisha lote katika miaka elfu chache tu. Lakini mawe ya dunia yanashuhudia kwamba jua limeangaza tangu zamani zisizohesabika kwa maelfu. Kumbe linakula kitu kingine.

Njia ya kujua kitu hicho ilifunguliwa na watu waliojifunza kupasua nuru kwa kioo na kusoma rangi zake. Mumoja wao alikuwa Padri Angelo Secchi, Mujezwiti wa Roma, aliyepanga nyota zaidi ya 4000 katika makundi kadiri ya nuru yao. Mwaka wa 1868 watu waliochungulia jua kwa namna hiyo waliona mustari wa manjano ambao haukulingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Wakakiita kitu hicho eliumu, toka neno la kigriki helios, maana yake jua. Hapa duniani eliumu ilikuja kutambulikana mwaka wa 1895 tu.

Mwaka wa 1920 Arthur Eddington, Mwingereza, alisema mbele ya mukutano wa wenye elimu kule Cardiff kwamba huenda jua linaunganisha atomu nne za idrojeni ziwe atomu moja ya eliumu. Ukipima, eliumu ile ni nyepesi kidogo kuliko idrojeni nne zilizoizaa: uzito unaopotea ni kama 7 katika 1000. Na Einstein alikuwa amekwisha kufundisha tangu 1905 kwamba uzito unaopotea hivyo unageuka kuwa nguvu. Miaka 18 baadaye Hans Bethe alieleza hatua kwa hatua namna jambo lile linavyotendeka. Leo twajua kwamba kila sekonde jua linageuza tani kama milioni 600 za idrojeni, na kati yake tani milioni 4 zinatoka kwa namna ya nuru na joto.

Hiyo ndiyo fuzioni. Waseminari wanalijua neno fusio katika kilatini: kuyeyusha vitu hata viwe kimoja. Wasiichanganye na fisioni, ambayo inatoka katika neno findere, kupasua. Fisioni sisi watu wa Kongo tunaijua kwa njia ya uchungu: uraniumu wa Shinkolobwe, kule Katanga, uliingia katika bomba lililoanguka Hiroshima mwaka wa 1945. Tunaijua pia kwa njia ya masomo: mwaka wa 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium kilichoongozwa na Mgr Luc Gillon, padri na fundi wa fizika, iliwashwa reakteri iliyoitwa Trico, ya kwanza katika Afrika yote. Ile iliyoifuata ilisimamishwa mwaka wa 2004. Katika fisioni, kiini cha atomu nzito kinapasuka kikiguswa na netroni, na kupasuka kwake kunatoa netroni nyingine za kupasua viini vingine. Kazi ya mutu ni kuuzuia moto usikimbie. Katika fuzioni ni kinyume kabisa. Moto wenyewe hautaki kuwaka, na kila kosa dogo linauzima.

Jiwe na mulima

Kwa nini hautaki kuwaka? Kila kiini cha atomu kina umeme wa namna moja, na vitu vyenye umeme wa namna moja vinafukuzana. Kadiri unavyovikaribisha, vinazidi kufukuzana. Lakini vikifika karibu kabisa, nguvu nyingine, yenye mukono mufupi lakini kubwa kupita ile ya kwanza, inavikamata na kuviunganisha. Wale wa Goma wataelewa upesi nikichukua mufano wa Nyiragongo. Mutu anasukuma jiwe kupanda mulima: kila hatua jiwe linataka kurudi chini. Lakini akilifikisha hata ukingo wa juu, linaanguka lenyewe ndani ya shimo la moto. Kazi yote iko katika kupanda.

Kinachopandisha viini ni joto, maana joto si kitu kingine ila mwendo wa vipande vidogo. Katikati ya jua kuna joto la digri kama milioni 15. Hapa wengi wanafikiri kwamba tukiiga joto lile, kazi imekwisha. Sivyo. Jua ni jiko la polepole sana. Ukikata katikati yake kipande cha metri moja kila upande, kipande hicho kinatoa wati kama 300 tu, chini ya zile zinazotumiwa na pasi ya umeme. Jua linatuangaza kwa sababu ni kubwa ajabu, si kwa sababu moto wake ni mukali. Sisi tusio na nafasi ya kujenga kitu chenye ukubwa wa jua tunahitaji moto wa haraka zaidi.

Kwa hiyo wenye elimu wanaacha idrojeni ya kawaida, wanachukua ndugu zake wawili walio wazito zaidi. Wa kwanza ni deteriumu, toka kigriki deuteros, wa pili. Yeye ni muzito mara mbili. Mwingine ni tritiumu, toka tritos, wa tatu. Uzito wake ni mara tatu. Hawa wawili wanaungana kwa urahisi kuliko wote, wakizaa eliumu na netroni moja. Deteriumu inapatikana katika maji yote. Metri moja kila upande ya maji ya bahari ina gramu kama 33. Juu ya tritiumu tutasema baadaye, maana hapo ndipo mambo yanapokwama. Na joto linalotakiwa ni digri kama milioni 150, mara kumi kuliko katikati ya jua.

Chungu kisicho na ukuta

Chuma gani kitabeba joto hilo? Hakuna. Kila kitu tunachokijua kingegeuka moshi. Zaidi ya hayo, moto ukigusa ukuta unapoa mara moja na kufa. Jua linashika moto wake kwa uzito wake lenyewe. Sisi hatuna uzito huo.

Lakini katika joto kubwa namna ile atomu zinavunjika, umeme wake unaachana na viini, nayo hewa inakuwa kitu kinachoitwa plasma. Vipande vya plasma vyote vina umeme, na kitu chenye umeme kinatii sumaku: kinafuata mustari wa sumaku kama vile shanga ya rozari inavyofuata uzi wake. Sasa uzi wenye ncha mbili unapoteza shanga zake mwishoni. Basi tuukunje, ncha ikutane na ncha. Hivyo chombo kinapata umbo la ngata, ile ambayo mama anaweka kichwani kabla ya kujitwika mutungi, na plasma inazunguka ndani yake bila kugusa kando. Warusi wawili, Andrei Sakharov na Igor Tamm, ndio walioleta mawazo hayo mwaka wa 1950 na 1951, na mashini yao ikapewa jina la tokamaki.

Hapa yafaa kusema neno juu ya haraka ya watu. Mwaka wa 1955, katika mukutano wa Geneva juu ya matumizi ya atomu kwa amani, Homi Bhabha, Muhindi mwenye sifa kubwa, alitabiri kwamba njia ya kutumia fuzioni itapatikana katika miaka 20. Mwezi wa Januari 1958 Waingereza wakatangaza kwamba mashini yao iitwayo ZETA imekwisha kufanya fuzioni ya namna iliyotafutwa; magazeti yakapiga vigelegele. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wakakiri kwamba netroni walizoziona zilitoka kwa sababu nyingine. Tangu siku hizo mutu mwenye elimu hii anaposema «miaka 20», wenzake wanatabasamu.

Kisha kukawa na jambo la heshima. Mwaka wa 1968 Warusi walisema kwamba tokamaki yao T-3 imepata joto kubwa kuliko mashini zote za nchi nyingine. Watu wa Magharibi hawakuamini. Ilikuwa siku za uadui kati ya pande mbili za dunia. Hata hivyo Warusi wakawaita Waingereza waje Moskou na vyombo vyao wenyewe kupima. Mwaka wa 1969 Waingereza wakaenda na lazeri yao, wakapima, wakakuta digri kama milioni 10: Warusi walikuwa wamesema kweli. Tangu hapo karibu nchi zote zikageukia tokamaki. Mimi naona kwamba katika habari yote ya fuzioni hakuna ukurasa mwingine unaofurahisha kama huo.

Hesabu ya mapipa ya maji

Sasa turudi kwa ulizo la vijana. Ili tusipotee katika majina ya vipimo, tuhesabu nguvu yote kwa maji yanayochemka.

Kule Culham, Uingereza, tokamaki kubwa ya nchi za Ulaya iliyoitwa JET ilifanya kazi toka 1983 hata Desemba 2023. Mwaka wa 1997 ilitoa megawati 16 za fuzioni kwa muda mufupi sana, lakini ili kuipasha joto ilibidi kuingiza megawati 24. Tarehe 3 Oktoba 2023, karibu na kufungwa kwake, ilitoa nguvu nyingi kuliko mara zote, megajuli 69 katika sekonde chache. Nguvu hiyo ingechemsha pipa moja la litri 200 la maji. Na mafuta yaliyoliwa? Miligramu 0,2 tu, kipande ambacho jicho lingeona kwa shida. Kwa makala ungehitaji kilo mbili na zaidi. Katika mufano huo tunaona pamoja uzuri wa fuzioni na unyonge wake: chakula kidogo ajabu, lakini moto ulioingizwa ulikuwa bado mwingi kuliko ule uliotoka.

Wamarekani wa Livermore, California, wanafuata njia nyingine. Hawashiki plasma kwa sumaku. Wanachukua kidonge kidogo kama punje ya pilipili manga, ndani yake deteriumu na tritiumu zilizogandishwa, na kukipiga kwa lazeri 192 kwa pamoja, hata kikunjamane na kuwaka kabla hakijapata nafasi ya kutawanyika. Tarehe 5 Desemba 2022 lazeri zilileta megajuli 2,05 na kidonge kilirudisha 3,15. Tuhesabu: lazeri zilileta nguvu ya kuchemsha litri 6, kidonge kikatoa nguvu ya kuchemsha litri 9. Kwa mara ya kwanza moto wa namna hiyo ulitoa kuliko ulichopewa. Ni kweli, na ni kazi kubwa. Anayedharau jambo hilo hajui taabu ya miaka 60 iliyolitangulia.

Lakini lazeri zenyewe zinakunywa umeme. Ili kutoa zile litri 6, zilichota katika nyaya za umeme megajuli kama 300, yaani nguvu ya kuchemsha litri 900, mapipa manne na nusu. Mutu akitoa mapipa manne na nusu akapata litri 9, hajaanza biashara bado. Tena kiwanda cha umeme kingehitaji kupiga vidonge vingi kila sekonde, usiku na muchana, na kila kidonge cha Livermore ni kazi ya ufundi wa ajabu. Tusisahau pia kwamba nyumba ile ilijengwa kwanza kwa ajili ya kuchunguza silaha: bomba la idrojeni, lililojaribiwa mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 1952 katika visiwa vya Enewetak, ni fuzioni pia, ile isiyo na hatamu.

Basi ukiulizwa, jibu: ndiyo, moto umewaka, hapana, hakuna hata taa moja duniani inayoangazwa na moto huo.

Mbegu inayooza

Sasa twafika penye neno ambalo magazeti yanaliruka. Watu wanasema: «Mafuta ya fuzioni yako katika maji ya bahari, hayatakwisha kamwe.» Kwa deteriumu ni kweli. Kwa tritiumu si kweli hata kidogo. Tritiumu haidumu. Kila miaka 12,3 nusu yake inageuka na kupotea, hata ukiifungia katika chupa ya namna gani. Kwa sababu hiyo duniani haipatikani kwa asili ila kilo chache zilizotawanyika katika hewa na maji. Ile inayoweza kununuliwa inatoka hasa katika reakteri za fisioni za Kanada zenye kutumia maji mazito, na akiba yote inahesabiwa kuwa kilo kama 25. Kiwanda kimoja cha fuzioni chenye kutoa megawati 1000 za joto mwaka muzima kingekula kilo kama 56.

Kwa hiyo kila kiwanda lazima kijizalie tritiumu yake. Njia inajulikana. Ile netroni inayozaliwa kila mara deteriumu na tritiumu zinapoungana, ikipiga kiini cha litiumu ya namna inayofaa, inakipasua, na katika vipande vyake mumoja ni tritiumu. Basi wazungushie moto blangeti la litiumu, na netroni zitakuwa zikizaa mbegu ya kesho.

Lakini tazama hesabu yake. Kila muungano unakula tritiumu moja na kutoa netroni moja. Netroni moja inazaa tritiumu moja. Ni kama mukulima ambaye kila mbegu moja aliyopanda inamupa mbegu moja tu. Ndege wakila moja, panya moja, nyingine ikioza gharani, mwaka unaofuata shamba linapungua. Na hapa «ndege» ni wengi: netroni zinazopita katika matundu ya sumaku na ya bomba, zinazomezwa na chuma, na tritiumu yenyewe inayojificha ndani ya kuta. Kwa hiyo wanataka kuongeza katika blangeti risasi au berili, ambazo netroni moja ikizipiga zinatoa mbili. Kwa karatasi hesabu inatoka vizuri kidogo: zaidi ya moja, lakini zaidi kidogo tu. Katika mashini ya kweli hakuna mutu aliyeijaribu mpaka sasa. JET haikuwa na blangeti hilo, wala Livermore hawana.

Kwangu mimi hilo ndilo fundo. Joto limepatikana, tokamaki ya Ufaransa iitwayo WEST ilishika plasma yake dakika 22 tarehe 12 Februari 2025, bila tritiumu. Lakini moto usiojizalia kuni zake utazimika, hata ukiwa muzuri namna gani.

Chuma kinachochoka

Netroni hiyo inayotutumikia ni adui vilevile. Haina umeme, kwa hiyo haitii sumaku. Inapita katika chungu chetu kisicho na ukuta kana kwamba hakipo, ikichukua nguvu nne katika tano za muungano wote. Ndiyo inayobeba joto litakalochemsha maji na kuzungusha turbini. Bila hiyo hakuna umeme. Lakini inapofika katika chuma inasukuma atomu toka mahali pake, inaacha mapovu ya eliumu ndani, na chuma kilichokuwa kigumu na chenye kunyumbulika kinakuwa kama chungu kikavu. Kujua ni chuma gani kitavumilia miaka, si siku, kunahitaji mahali pa kukipiga kwa netroni za namna ile ile. Mashini ya kazi hiyo inatayarishwa karibu na Granada, kule Hispania. Ukuta wa ndani wanataka kuujenga kwa wolframu, lile jiwe zito linalochimbwa pia katika Kivu na Rwanda, kwa sababu haliyeyuki kabla ya digri 3400.

Juu ya hatari niseme kifupi. Kiwanda cha fuzioni hakiwezi kukimbia kama Chernobyl mwaka wa 1986, maana ndani yake hamna mafuta ila gramu chache, na kosa lolote linauzima moto. Takataka zake si kama zile za uraniumu zinazodumu maelfu ya miaka. Lakini vyuma vilivyopigwa na netroni vitakuwa na sumu ya miali kwa miaka kama mia, na tritiumu inapenda kutoroka pamoja na maji. Anayesema «hakuna takataka» anazidisha.

Safari ya Cadarache

Kazi kubwa kuliko zote inaendelea Cadarache, kusini ya Ufaransa. Jina lake ITER. Waseminari wanajua kwamba katika kilatini maana yake ni njia, na njia imekuwa ndefu. Ilizaliwa mwaka wa 1985, Reagan na Gorbachev walipokutana Geneva. Mapatano yalitiwa sahihi mwaka wa 2006 na nchi za Ulaya pamoja na China, Uhindi, Japani, Korea, Urusi na Marekani. Shabaha yake: kuingiza megawati 50 za joto katika plasma na kupata 500 za fuzioni. Haitatoa umeme hata kidogo. Ni mahali pa kujaribu tu, na ndipo vipande vya blangeti la litiumu vitapimwa. Sumaku zake zinapozwa kwa eliumu hata digri 269 chini ya sufuri, metri chache tu toka moto wa digri milioni 150. Fikiri hilo.

Zamani walisema plasma ya kwanza itawaka mwaka wa 2016, baadaye 2025. Mwezi wa Julai 2024 wakatangaza hesabu mupya: majaribio ya plasma yaanze 2034, na kazi ya deteriumu pamoja na tritiumu 2039. Gharama ikaongezeka kwa euro milyari 5. Mutoto aliyebatizwa mwaka ule atakuwa na miaka 15 tritiumu ya kwanza itakapoingia, kama tarehe haitasogezwa tena.

Kando ya serikali kuna makampuni ya watu binafsi yenye haraka zaidi. Wale wa Commonwealth Fusion Systems, kule Massachusetts, walionyesha mwaka wa 2021 sumaku ya namna mupya yenye nguvu ya tesla 20, ambayo ingewezesha mashini ndogo kufanya kazi ya kubwa. Hilo si maneno matupu, sumaku ilipimwa. Wanaahidi umeme katika miaka ya 2030. Huenda wakaipita ITER katika kuwasha moto. Lakini sumaku, iwe na nguvu namna gani, haizai tritiumu wala haiponyi chuma. Kwa hiyo mimi naziamini ahadi zao nusu tu.

Na kwetu Kongo?

Mukristu mumoja ataniuliza: moto huo ukipatikana, utatufaa nini? Kiwanda cha fuzioni, kwa jinsi kinavyofikiriwa leo, ni kitu kikubwa na cha bei kubwa. Kinahitaji umeme mwingi toka nje ili kiwashwe, tena nyaya kubwa za kupokea nguvu zake. Sisi tuna Inga: Inga ya kwanza tangu 1972, yenye megawati 351, na ya pili tangu 1982, yenye megawati 1424. Toka kule wamevuta nyaya hata Kolwezi, urefu wa kilometri kama 1700, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Nyaya hizo zinapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha kibatari, na mama wanapika kwa makala chini ya minara yake. Kijiji kile hakikukosa umeme kwa sababu nguvu haikupatikana duniani. Kilikosa mashini za kugawanya umeme na nyaya ndogo za kuushusha. Jua lililofungwa katika ngata ya sumaku lisingebadili jambo hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho kweli kinatuunganisha na fuzioni, nacho ni litiumu. Manono, katika jimbo la Tanganyika, mahali palipojulikana kwa bati tangu siku za Wabelgiji, kuna litiumu nyingi ndani ya mwamba, moja ya akiba kubwa za dunia. Lakini tusianze kuuza ngombe kabla hajazaliwa. Kile kiwanda cha megawati 1000 tulichokitaja kingetumia kwa mwaka kilo mia na kidogo tu za litiumu inayofaa, ingawa ni lazima kujaza tani nyingi katika blangeti kwa mara ya kwanza. Tena katika atomu 100 za litiumu, 7 au 8 tu ndizo za namna hiyo, na kuzitenga ni kazi chafu: Wamarekani waliofanya hivyo kule Oak Ridge katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mabomba yao waliacha zebaki nyingi katika udongo na katika mito. Kwa sasa wanaokuja Manono wanatafuta litiumu kwa ajili ya betri za motokari na telefoni; wa fuzioni hawajafika.